Darasa la Kwanza Lipangwe Kutokea Dawati la Nyuma

Likizo ya Desemba inapokaribia kwisha, walimu wengi wa darasa la kwanza huanzia maandalizi yao ukutani. Zinanunuliwa manila, maka peni na gundi. Irabu zinabandikwa juu ya ubao, tarakimu kando ya dirisha, picha za wanyama karibu na mlango, na kufikia siku ya kufungua shule hakuna mahali palipobaki wazi. Mwalimu mkuu akipita anapongeza, na mthibiti ubora akija naye ataandika vizuri. Mimi ningeomba kazi hiyo iwe ya mwisho. Kwanza mwalimu avute dawati la nyuma kabisa, la kona iliyo mbali na mlango, akae humo kwa kujikunja hadi macho yake yalingane na ya mtoto wa miaka sita, kisha atazame mbele.

Akiwa hapo atagundua mambo ambayo hayaonekani kwa aliyesimama na chaki mkononi. Upande mmoja wa ubao unang'aa kwa mwanga wa dirishani na hausomeki. Sehemu ya chini itafichwa na vichwa vya watoto wa mbele. Hata mwandiko wake mwenyewe, anaouona mzuri, pengine ni mdogo mno. Hili la mwandiko linapimika kwa rula. Katika chati ya Snellen, ile inayotumika kupimia macho hospitalini, herufi ambayo jicho lisilo na kasoro huisoma kwa umbali wa mita 6 ina urefu wa milimita 9 hivi. Mtoto ambaye uwezo wake wa kuona ni nusu ya huo, na katika darasa kubwa hakosekani ingawa wazazi wake hawajui, anahitaji milimita 18 kwa umbali huohuo, na milimita 24 akikaa mita 8 kutoka ubaoni. Na hapo bado anakodoa macho. Ili asome bila taabu, zidisha mara mbili: karibu sentimita 5. Chora mistari hafifu ubaoni kabla ya Januari, uuzoeze mkono wako.

Ubao wenyewe ukarabatiwe mapema ili ukauke. Nyufa zizibwe, kisha upakwe rangi nyeusi isiyong'aa, kwa sababu rangi ya mafuta yenye mng'aro ndiyo inayorudisha mwanga machoni mwa watoto. Ziko shule ambako ubao husiribwa kwa unga mweusi wa betri kuukuu za redio. Unga huo una manganizi na kemikali nyingine, na watoto wa darasa la kwanza hufuta ubao kwa viganja, halafu viganja vikaenda mdomoni. Mkaa uliosagwa laini unatosha.

Tuje kwenye madawati, ambako ndiko kuna kazi kubwa. Kiwango kinachotakiwa Tanzania ni wanafunzi 45 kwa darasa la shule ya msingi, yaani madawati 15 ya watoto watatu watatu. Lakini tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, walimu wengi wanapokea watoto 90 na zaidi katika chumba kilichojengwa kwa nusu ya idadi hiyo. Vyuo vya ualimu vinasisitiza kupanga watoto kwa vikundi vinavyotazamana. Ni mpango mzuri kwa mazungumzo na michezo ya namba. Kwa mtoto anayejifunza kuumba herufi kwa mara ya kwanza, huku mgongo au bega lake likiwa upande wa ubao, ni mpango mbovu. Tafiti kuhusu ukaaji darasani zimeonyesha mara kwa mara kwamba safu husaidia pale kila mtoto anapofanya kazi yake mwenyewe, na kuandika ni kazi ya namna hiyo. Muhula wa kwanza ningeanza na safu. Vikundi vitaundwa kwa kuwageuza watoto wa dawati la mbele wawatazame wa nyuma yao.

Kilicho muhimu kuliko umbo ni njia. Katika dawati la watatu, mkono wa mwalimu humfikia kwa urahisi anayekaa pembeni mwa njia, na wa katikati hubaki akiomba Mungu. Ukiunganisha madawati mawili ili kuokoa nafasi, watoto sita wanakaa mstari mmoja, na wanne kati yao daftari zao hutaziona mpaka ukusanye. Kwa hiyo kila safu ya madawati iwe na njia pande zote mbili, hata kama njia hiyo inakutaka upite kwa ubavu. Pita mwenyewe ujaribu, ukiwa na vitabu mkononi. Halafu watoto wabadilishane nafasi kila Jumatatu, ili asiwepo wa katikati wa kudumu wala wa nyuma wa kudumu.

Mtoto wa mashoto akae mwisho wa dawati upande wa kushoto. Akiwekwa kulia au katikati, kiwiko chake kinagongana na cha jirani anayeandika kwa mkono wa kulia, wote wawili wanaharibu mwandiko, na anayefokewa ni yeye. (Kumlazimisha abadili mkono ni mateso yasiyo na faida.) Miguu nayo itazamwe. Dawati lililotengenezwa kwa ajili ya darasa la saba humwacha mtoto mdogo akining'inia, na baada ya dakika chache anaanza kuhangaika, kisha anaitwa mtundu. Kipande cha ubao au tofali chini ya miguu hutuliza utundu huo.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Salford, Uingereza, walichunguza madarasa 153 ya shule za msingi, na mwaka 2015 walieleza kwamba mazingira ya chumba yalichangia asilimia 16 ya tofauti ya maendeleo ya wanafunzi kwa mwaka. Karibu nusu ya mchango huo ilitokana na mambo kama mwanga, joto na hewa. Huko ni Uingereza, sawa, lakini chini ya bati lisilo na dari joto ni suala zito zaidi. Fungua madirisha ya pande zote mbili na uondoe kabati lililoziba moja. Na kwa wenzetu wa Mbeya, Iringa na Songea, ambako Januari ni masika yenyewe, andaa kazi za kuandika na kuchora za kutolewa mvua inapopiga bati na sauti yako haisikiki.

Sasa kuta. Mwaka 2014 Anna Fisher na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, waliwafundisha watoto 24 wa chekechea katika chumba kilichojaa mapambo na katika chumba kisicho na kitu ukutani. Penye mapambo, watoto walipoteza karibu asilimia 39 ya muda wakitazama mambo mengine. Pasipo mapambo, asilimia 28. Majibu sahihi yalikuwa asilimia 42 dhidi ya 55. Hii haina maana kwamba kuta zibaki tupu mwaka mzima. Ukuta wa ubao uachwe wazi, na chati zipande moja moja kadiri herufi zinavyofundishwa, kwa urefu ambao mtoto anaweza kuzigusa. Ziandikwe kwenye viroba vya sandarusi vilivyooshwa, maana manila haimalizi muhula. Vizibo na vijiti vya kuhesabia vikae ndani ya makopo, kopo moja kwa kila dawati, yasifungiwe ofisini.

Haya yote yanahitaji muda, na muda huo uko mikononi mwa walimu wakuu. Mkabidhini mwalimu wa darasa la kwanza funguo na madawati yake wiki moja kabla ya kufungua shule. Na kama madawati hayatoshi, acheni desturi ya kuwapa kwanza watahiniwa wa darasa la saba na kuwaacha wanaojifunza kushika penseli wakiandika sakafuni.