Kofia Zilizomaliza Ndege

Ukimwona yangeyange akifuata ng'ombe malishoni, huwezi kudhani kwamba jamaa zake wa Marekani nusura watoweke kwa sababu ya kofia za wanawake.

Katika miaka ya 1880 na 1890, bibi wa kitajiri wa New York au London hakuhesabiwa amependeza mpaka kofia yake ipambwe manyoya, bawa, au hata ndege mzima aliyekaushwa. Mwaka 1886 mtaalamu wa ndege, Frank Chapman, alitembea mitaa ya New York akihesabu. Katika kofia 700 alizoziona, 542 zilikuwa na manyoya.

Yaliyotakiwa mno ni yale marefu, meupe, ya yangeyange, ambayo humwota wakati wa kuzaa tu. Basi wawindaji waliwaua wazazi penye viota, na makinda wakafa kwa njaa. Kwa uzito, manyoya hayo yalifikia kuuzwa ghali kuliko dhahabu.

Waliovunja biashara hiyo ni wanawake wenyewe. Emily Williamson alianzisha chama Uingereza mwaka 1889. Harriet Hemenway na Minna Hall walianza Boston mwaka 1896, wakiwaalika mabibi wenzao chai na kuwasihi waziache kofia hizo. Sheria zikafuata: Marekani mwaka 1918, Uingereza mwaka 1921.

Fundi hushona anachotaka mnunuzi. Mnunuzi akikataa, hata mtindo wenye fedha nyingi hufa.