Mfereji wa Nyongo Uzibwapo na Saratani: Mrija wa Plastiki au wa Chuma?

Macho yageukapo manjano, wengi wetu kambini hudhani mara moja kwamba ni malaria, au kwamba pombe imekwisha liharibu ini. Lakini mtu mzima ambaye macho yake yamekuwa manjano pasipo maumivu, mkojo ukawa mweusi kama chai iliyokolea, kinyesi kikapauka na ngozi ikamwasha usiku kucha, huenda mfereji wake wa nyongo umezibwa. Saratani ya kongosho, au ya mfereji wenyewe, huubana hata nyongo ikakosa njia ya kushukia utumboni na kurudi katika damu.

Kuifungulia nyongo njia si kuiondoa saratani. Hata hivyo humpunguzia mgonjwa mateso ya kujikuna, na humwezesha kupokea dawa za saratani ambazo zingemdhuru ini likiwa limezidiwa. Kazi hiyo hufanywa na mrija mdogo uitwao stenti. Daktari hupitisha kamera kinywani hadi utumbo mdogo, kisha huupandisha mrija ndani ya mfereji. Nib Soehendra alieleza njia hiyo huko Hamburg, Ujerumani, mwaka 1979.

Mirija ya mwanzo ilikuwa ya plastiki, nayo ingali inatumika kwa kuwa bei yake ni nafuu. Unene wake ni kama milimita 3 tu, na kwa kawaida huziba baada ya miezi 3 hivi. Mrija wa chuma huingizwa ukiwa umebanwa. Ukiachiliwa hujitanua hadi milimita 10, ukadumu miezi mingi zaidi.

Sasa tumfikirie sajini mstaafu akaaye Kinindo, kusini mwa Bujumbura. Akiwekewa plastiki katika mji wa mbali, itampasa kufunga safari ile ile kila robo ya mwaka. Mrija ukiziba kabla ya siku yake, homa na kutetemeka humshika, na vijidudu vikiingia katika damu aweza kufa kwa siku chache. Kwa maoni yetu, mgonjwa atarajiwaye kuishi zaidi ya miezi 4 hupata hasara kwa urahisi huo wa plastiki, ingawa bei ya chuma, hatukatai, inatisha.

Chuma nacho kina namna mbili. Kilicho wazi kama wavu hupenywa na saratani inayoendelea kukua. Kilichovikwa ngozi huizuia, lakini huteleza kwa wepesi zaidi. Na kizuizi kikiwa juu, penye njia panda ya mifereji ya ini, kilichovikwa hakifai, kwani kitafunga vijito vya pembeni. Kamera isipofika, madaktari hupita kwa sindano ubavuni, au hutoboa kutokea ndani ya utumbo kwa kuongozwa na ultrasaundi. Majaribio mawili yaliyochapishwa mwaka 2023 hayakuiona njia hii ya mwisho kuwa duni.

Ila swali la kwanza kwa daktari ni hili: je, saratani hii yaweza kukatwa? Uchunguzi wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010, wenye wagonjwa 202 wa kongosho, ulionyesha kwamba waliopasuliwa mapema walipata madhara makubwa 39 katika kila 100, na waliotanguliziwa mrija, wakati ule wa plastiki, 74 katika kila 100. Mwenye homa, au ambaye upasuaji wake utachelewa, huyo hangojeshwi mrija.