HARUFU YA PETROLI NDANI YA NYUMBA: ITAFUTE ILIKOTOKA KABLA HUJALALA



Leo safu yetu inazungumzia jambo ambalo kaya nyingi za hapa Kharumwa, na vijiji vyote kuelekea Geita na Kahama, zimeshalizoea. Nalo ni harufu ya petroli ndani ya nyumba wakati wa usiku. Bodaboda inalazwa sebuleni kwa kuogopa wezi. Mwenye pampu ya kuvutia maji machimboni anarudi nayo nyumbani. Anayeuza petroli ya chupa kando ya barabara, zile zilizobaki anazisukuma uvunguni. Harufu ikisikika, jibu linakuwa moja tu: "Ni pikipiki hiyo." Kisha taa inazimwa, watoto wanalala.

Ieleweke kwamba harufu hiyo si dalili tu ya petroli, bali ni petroli yenyewe iliyogeuka mvuke. Ukiisikia maana yake unaivuta. Na ikiwa inavuja usiku kucha, maana yake nyumba inajaa kitu kinachosubiri cheche.

MVUKE HUU UKOJE?

Petroli haihitaji kupashwa moto ili itoe mvuke unaowaka. Hata katika baridi kali kuliko ya barafu inaendelea kuutoa. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi darini kama moshi, bali unatambaa sakafuni. Unapita chini ya mlango na kufika jikoni kwenye makaa, au kwenye kibatari kilichowekwa chini. Moto ukishika huko, unarudi kwa kasi hadi kwenye chanzo. Ndiyo maana mtu husema, "Kibatari kilikuwa mbali," na nyumba imeungua.

Tunakumbuka yaliyotokea Msamvu, mjini Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli kwa madumu, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Petroli ya sebuleni ni kidogo, lakini tabia yake ni ile ile.

Kwa upande wa afya, mvuke huu huleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito na kuwashwa macho na koo. Mtoto anayelala kwenye mkeka yuko pale pale mvuke unapotuama. Ni kweli kwamba risasi iliondolewa katika petroli ya nchi za Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006. Lakini benzini imo bado, na Shirika la Afya Duniani linaihesabu miongoni mwa visababishi vya saratani ya damu kwa anayeivuta kwa muda mrefu.

Jambo jingine ni kwamba pua huzoea. Ukikaa na harufu kwa muda, unaacha kuisikia ingawa ipo. Basi mgeni akibisha hodi na kusema, "Mbona pananuka petroli?" usimkatalie. Pua yake ndiyo ya kuaminiwa.

UKIISIKIA USIKU

Usiwashe kiberiti ili uangalie. Tumia tochi, na iwashe ukiwa nje kabla ya kuingia. Usiguse swichi ya taa. Kama kuna kibatari au jiko linalowaka na harufu ni kali, toa watu kwanza. Fungua milango na madirisha, kisha sukuma pikipiki nje bila kuiwasha. Upelelezi wa chanzo ni kazi ya mchana, uwanjani, mbali na moto na sigara.

KUTAFUTA CHANZO, HATUA KWA HATUA

Kwanza, tenganisha pikipiki na nyumba. Ilaze usiku mmoja mahali pengine penye usalama. Kama chumba bado kinanuka asubuhi, chanzo ni kingine: dumu lenye mfuniko mbovu, chupa ya uvunguni, nguo za kazi zilizomwagikiwa, au sakafu ya udongo iliyokwisha kunywa mafuta.

Pili, angalia mfuniko wa tenki. Ndani yake kuna mpira unaozuia mafuta. Ukichakaa, tenki lililojazwa pomoni hutoa petroli, hasa pikipiki ikiegemea stendi ya pembeni au ikikaa juani.

Tatu, angalia koki na mpira wa mafuta unaoshuka hadi kwenye kabureta. Petroli hukauka upesi, kwa hiyo usitafute tone tu. Tafuta alama: mahali ambapo vumbi letu jekundu limeoshwa au limegandamana na kuwa jeusi. Kunja mpira taratibu kwa vidole. Ukiona nyufa, badilisha. Ni kifaa cha bei ndogo.

Nne, pima kabureta. Ndani yake kuna bakuli dogo lenye boya. Petroli ikijaa, boya linapanda na kusukuma sindano inayoziba njia. Sindano ikilika, au uchafu wa petroli ya chupa ukikwama hapo, njia haizibi, na petroli inamwagika kwa kibomba cha chini. Kipimo chake ni hiki: ukiwa nje, funga koki na uache injini iungurume mpaka ijizime yenyewe, ili bakuli likauke. Kisha tandika boksi safi chini ya pikipiki na uiache kwa saa kadhaa. Harufu ikikoma, ubovu uko kwenye kabureta au mpira unaoelekea huko. Ikiendelea, ubovu uko juu: tenki, mfuniko au koki yenyewe. Mweleze fundi matokeo hayo, usimwambie tu "inanuka".

Tano, nusa oili. Kabureta inayofurika inaweza kuingiza petroli ndani ya injini. Oili ikiwa imeongezeka, imekuwa nyepesi na inanuka petroli, usiendeshe mpaka fundi atengeneze na kumwaga oili hiyo.

Njia hii inafaa pia kwa pampu, jenereta na magari ya zamani. Hata Datsun 240Z, iliyoshinda mbio za Safari Rally mwaka 1971 na 1973, ilitumia kabureta za boya na sindano. Pikipiki mpya zisizo na kabureta nazo zina tenki na mipira, hivyo si salama kwa sababu ya upya wake.

YALE TUNAYOYAPOKEA ZAHANATI

Kijana ananyonya petroli kwa mdomo kupitia mpira, inamwingia. Mtoto anakuta chupa ya soda, anadhani ni juisi. Hapa wengi hukosea: wanamtapisha, au wanamnywesha maziwa na mafuta ya kula. Usifanye hivyo. Petroli inaharibu zaidi ikiingia kwenye mapafu, na kutapika ndiko kunakoipeleka huko. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni, mpeleke kituo cha afya mara moja hata kama anaonekana mzima. Kikohozi na kupumua kwa shida vinaweza kuja saa kadhaa baadaye.

Aliyeungua, mmwagie maji safi ya kawaida kwa dakika 20. Si dawa ya meno, si yai. Na petroli inayowaka usiimwagie maji, kwani inaelea na kusambaa. Tumia mchanga, na piga simu zimamoto, namba 114.

Pia, usiunguruishe pikipiki ndani ya nyumba, wala pampu ya petroli ndani ya shimo la machimbo. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua mtu akiwa kama aliyelala.

DINI YETU INASEMAJE?

Wapo wanaouliza kama nguo yenye petroli inafaa kuswalia. Asili ya vitu ni tohara, na petroli si katika najisi zinazojulikana. Lakini Mtume (s.a.w.) alimtaka aliyekula kitunguu saumu kibichi ajitenge na msikiti kwa sababu ya harufu. Basi anayenuka petroli abadili nguo kabla ya kusimama safuni. Nguo hizo zianikwe nje zikauke kwanza, ndipo zifuliwe.

Na imepokewa na Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari (r.a.), kwamba nyumba moja iliungua usiku Madina pamoja na watu wake. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa, alitahadharisha kuwa moto ni adui na akaamrisha uzimwe wakati wa kulala. Kutafuta harufu ya petroli kabla ya kulala ni katika kuyafuata mafundisho hayo.

Kama hakuna budi pikipiki ilale ndani, basi ifungiwe chumba kisicho na mtu wala moto, chenye dirisha, koki ikiwa imefungwa. Bora zaidi ni kujenga kibanda chenye mlango na kufuli, hata kama majirani watatu watashirikiana. Pikipiki ina thamani, na wengine bado wanalipa mkopo wake. Lakini watoto wanaolala pembeni yake ni amana kubwa zaidi, na tutaulizwa juu yao.

Wabillahi tawfiiq.