Santuri Iliyosema Kiswahili Mjini New York

Mwezi Novemba 1960, mwaka mmoja na siku chache kabla bendera ya Tanganyika haijapandishwa, watu zaidi ya ishirini waliingia katika studio ya Bell Sound mjini New York kurekodi santuri. Karibu wote walikuwa wapiga muziki wa jazi, na kila mmoja alikuwa na bendi yake au kibarua chake kwingine. Kazi iliyowakutanisha ilikuwa na sehemu nne, na ilichukua siku mbili. Jina lake lilikuwa Uhuru Afrika. Hatulitafsiri jina hilo, maana msomaji wetu analielewa. Walilichapisha juu ya jalada kwa Kiswahili, katika nchi ambayo wengi wa raia zake hawakuwahi kusikia hata neno moja la Kiswahili.

Yafaa kwanza tuondoe shaka moja. Hapa kwetu neno jazz lilizoeleka zamani kwa maana ya bendi ya dansi: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz. Jazi tunayoizungumza hapa ni ile iliyozaliwa na Wamarekani weusi, wajukuu wa watumwa, yenye tarumbeta na saksafoni zinazopokezana, kila mpigaji akitunga papo hapo juu ya wimbo uliopangwa. Undugu upo, lakini si kitu kimoja.

Aliyewaita watu hao alikuwa mpiga piano Randy Weston, mzaliwa wa Brooklyn, aliyezaliwa tarehe 6 Aprili 1926. Baba yake alikuwa mfuasi wa Marcus Garvey, naye alimlea mwanawe kwa kumwambia kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani, na nyumbani akaweka ramani na vitabu vya Afrika. Kijana alikwenda vitani katika jeshi lililowatenga weusi na weupe, akafika Okinawa. Aliporudi alishughulika na mkahawa wa baba yake, kisha akaenda milima ya Berkshires kufanya kazi za jikoni katika nyumba za wageni. Huko Lenox, baada ya kuosha vyombo, alisikiliza mihadhara ya Marshall Stearns juu ya asili ya jazi, na mihadhara ile ilimrudisha kule kule alikoanzia baba yake, yaani Afrika. Twataja vyombo hivyo kwa makusudi. Wako wanaodhani kwamba fikra kubwa hupatikana kwa wenye nafasi ya kukaa tu.

Mwaka 1960 haukuwa mwaka wa kawaida. Nchi kumi na saba za Afrika zilipata uhuru katika mwaka huo mmoja. Tarehe 21 Machi polisi wa Afrika Kusini waliwaua watu 69 pale Sharpeville. Katika Marekani yenyewe wanafunzi weusi walikuwa wakikaa katika mikahawa iliyokataa kuwahudumia, wakipigwa na kufungwa. Tanganyika ilipiga kura mwezi Agosti, TANU ikachukua viti 70 kati ya 71. Na katika mwezi ule ule wa Novemba, Patrice Lumumba alikuwa amezingirwa na askari nyumbani mwake Leopoldville, huku kiti cha Kongo katika Umoja wa Mataifa kikigombewa mjini New York, mji ule ule wa studio tunayoitaja. Weston aliona kwamba muziki hauwezi kukaa kimya, akakusudia kutunga kazi ya kuusherehekea uhuru wa bara zima.

Lakini bara zima lina lugha ngapi? Hapo ndipo linapoingia jambo ambalo wasomaji wetu wanapaswa kulijua. Weston alitaka katika kazi yake isikike lugha ya Kiafrika, na sababu yake ilikuwa kali. Filamu za Marekani zilimwonyesha Mwafrika kama mtu wa msituni asiye na lugha, anayenguruma na kuruka ruka. Watoto weusi wa Brooklyn walilipa senti zao kwenda kuzitazama filamu hizo, wakatoka wakiwaonea haya babu zao. Njia ya kuujibu uongo huo ilikuwa kumweka Mwafrika mbele ya kipaza sauti aseme maneno kamili, yenye maana na heshima, kwa lugha yake. Weston aliwaendea Waafrika waliokuwa katika mazingira ya Umoja wa Mataifa kuuliza lugha ifaayo, na iliyochaguliwa ikawa Kiswahili.

Mtu aliyesimama mbele ya kipaza sauti alikuwa Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Jina hilo halihitaji kuelezwa kwa msomaji wa Makete au Njombe. Mshairi mashuhuri Langston Hughes alikuwa ameandika shairi fupi la uhuru kwa ajili ya kufungulia kazi hiyo, naye Sanga alilisema kwa Kiswahili juu ya mlio wa ngoma. Fikiri, ndugu msomaji: shairi la Mmarekani mweusi, sauti ya mtu wa Nyanda za Juu za Kusini, na ngoma zilizopigwa na Olatunji wa Nigeria pamoja na Candido na Armando Peraza wa Kuba. Watu waliotawanywa na meli za watumwa na kugawanywa na mipaka ya wakoloni walikutana katika chumba kimoja, na lugha iliyowafungulia mlango ilikuwa hii tunayonunulia dagaa sokoni.

Sasa tuseme juu ya mtu ambaye jina lake halikuwa mbele ya jalada.

Weston alikuwa na nyimbo kichwani na vidoleni. Kutoka kwenye piano moja hadi kundi la watu zaidi ya ishirini ni safari ndefu, na safari hiyo haifanywi kwa piano. Lazima awepo mtu wa kuketi na karatasi aamue tarumbeta nne zitamke nini na kwa sauti gani, tromboni zijibu wapi, saksafoni zinyamaze lini ili filimbi isikike, wapiga besi wawili wasigongane, na ngoma zote hizo zisiufunike wimbo. Kisha kila mpigaji lazima apewe karatasi yake, imeandikwa kwa mkono, noti kwa noti. Kosa moja katika karatasi moja huwasimamisha watu wote, na studio hulipwa kwa saa.

Aliyeifanya kazi hiyo alikuwa Melba Liston. Alizaliwa Kansas City mwaka 1926, akaanza kupiga tromboni akiwa mtoto wa miaka saba. Katika bendi za wakati ule mwanamke aliruhusiwa kuimba akiwa amevaa gauni zuri. Kupiga tromboni safuni pamoja na wanaume lilikuwa jambo jingine. Mwaka 1949 alisafiri Kusini mwa Marekani na bendi iliyomsindikiza Billie Holiday, safari ikawa ya taabu, na baadaye aliuacha muziki kwa miaka kadhaa akawa karani katika idara ya elimu mjini Los Angeles. Dizzy Gillespie ndiye aliyemrudisha mwaka 1956. Yasimuliwa kwamba wanaume wa bendi ile walinung'unika kwa nini ameletwa mwanamke kutoka mbali, ndipo Gillespie akaamuru zitolewe karatasi alizoandika Liston, wapige. Walijikwaa. Manung'uniko yakaisha.

Liston na Weston walikuwa wamekwisha fanya kazi pamoja katika santuri ya Little Niles mwaka 1958. Kwa Uhuru Afrika mzigo ulikuwa mzito mara nyingi zaidi. Sisi tunaoisikiliza leo tunaweza kuisikia kazi yake katika kila sehemu: jinsi shaba zinavyopanda pamoja halafu ghafula zikamwachia mtu mmoja nafasi, kama umati unaompisha mzee apite. Hiyo haikutokea kwa bahati. Iliandikwa mezani.

Na walioitwa hawakuwa wanafunzi. Clark Terry alikuwa ametoka katika bendi ya Duke Ellington. Max Roach alikuwa ametoka tu kurekodi santuri yake mwenyewe ya kudai uhuru, We Insist!, miezi michache kabla. Freddie Hubbard alikuwa na miaka 22, na Ron Carter wa besi 23. Walikuwamo Yusef Lateef na Sahib Shihab, na msomaji wa pwani asidhani hao walitoka Lamu; ni Wamarekani weusi waliosilimu na kubadili majina. Martha Flowers na Brock Peters waliimba. Watu hawa walizoea kupiga usiku mpaka karibu na alfajiri, lakini kazi hii ilianza asubuhi, nao walifika.

Hali yao ya kazi yafaa kujulikana. Polisi wa New York walimlazimisha kila mpiga muziki kuwa na kadi, na asiye nayo hakuruhusiwa kupiga katika vilabu vilivyouza pombe. Wazee wa Kenya waliovalishwa kipande shingoni wataelewa upesi. Thelonious Monk, ambaye Weston alijifunza mengi kwake, alinyang'anywa kadi yake mwaka 1951 na akakaa takriban miaka sita bila kazi ya vilabu katika mji wake mwenyewe. Aliweza kurekodi, lakini santuri haikumlipia pango. Utaratibu huo haukufutwa mpaka 1967.

Sehemu ya kwanza ya kazi yenyewe inaitwa Uhuru Kwanza, na maana yake ni kwamba Mwafrika aachiwe kuamua mambo yake mwenyewe kabla hajaambiwa jambo lolote jingine. Ya pili ni heshima kwa mwanamke wa Kiafrika, maneno yake yakiwa ya Hughes. Ya tatu inaitwa Bantu, na humo ngoma ndizo zinazoongoza. Ya mwisho ni Kucheza Blues. Mwalimu wa sarufi anaweza kukunja uso kwa jina hilo. Sisi twalipenda. Blues ni nyimbo za huzuni za watu waliokandamizwa, na hapa huzuni hiyo inaambiwa inyanyuke icheze.

Kampuni ya Roulette ndiyo iliyoitoa santuri hiyo. Serikali ya makaburu wa Afrika Kusini iliipiga marufuku katika miaka hiyo ya 1960. Yaani maneno mawili ya Kiswahili juu ya jalada yalitosha kuitia hofu serikali yenye vifaru. Mwaka 1961 Weston alikwenda Lagos pamoja na Hughes na wasanii wengine, na baadaye alihamia Moroko akakaa Tangier kwa miaka kadhaa. Kiswahili nacho kiliendelea kusafiri: mwaka 1966 Wamarekani weusi wa California walianzisha sikukuu ya Kwanzaa na nguzo zake wakazipa majina kwa lugha yetu. Uhuru Afrika ilitangulia kwa miaka sita. Siku hizi dunia inaadhimisha Kiswahili kila tarehe 7 Julai, kwa uamuzi wa UNESCO wa mwaka 2021, na hotuba nyingi nzuri husomwa. Hatujasikia katika hotuba hizo jina la Tuntemeke Sanga na dakika zake chache pale Bell Sound. Ni aibu ndogo, lakini ni yetu.

Pengine haishangazi. Hapa nyumbani NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, vyombo vikiwa mali ya chama na wapigaji wakilipwa mshahara, jambo ambalo wenzao wa New York wangelionea wivu. Hata hivyo muulize shabiki yeyote wa bendi zetu kongwe: atakutajia waimbaji mmoja baada ya mwingine bila kusita. Muulize ni nani aliyepanga tarumbeta za wimbo anaoupenda, naye atakutazama kana kwamba umemuuliza jina la fundi aliyejenga daraja la Ruvu.

Melba Liston alikwenda Jamaika kufundisha muziki katika miaka ya 1970. Mwaka 1985 alipata kiharusi, hakuweza tena kupiga tromboni, na wengi walidhani habari yake imekwisha. Weston hakudhani hivyo. Alimfuata akamwomba aandike, naye akaandika kazi zilizotoka katika The Spirits of Our Ancestors ya mwaka 1991. Liston alifariki tarehe 23 Aprili 1999, na Weston tarehe 1 Septemba 2018, akiwa na miaka 92. Miaka sita kabla ya kifo cha Liston walikuwa wametoa santuri nyingine, Volcano Blues. Juu ya jalada lake yamechapishwa majina mawili, la Weston na la Melba Liston.