Mwenye Tetekuwanga na Haki ya Uani

Katika nyumba za Kiswahili za Kariakoo na Ilala, ambamo ukumbi mmoja hupita katikati ya vyumba vya wapangaji na kuishia uani penye jiko na choo cha wote, mtoto akitokwa na tetekuwanga mamaye hufungwa chumbani pamoja naye pasi na mtu yeyote kutoa amri, kwani macho ya majirani hutosha kumrudisha ndani kila ainuapo pazia.

Hofu yao ina msingi. Maradhi haya huenea kwa pumzi na kwa majimaji ya malengelenge; huanza kuambukiza siku 1 au 2 kabla ya kipele cha kwanza kuonekana, wala hayakomi mpaka malengelenge yote yamekauka na kufanya magamba, jambo ambalo aghalabu huchukua siku 5 hadi 7. Mtoto mwenye siha njema hupona, lakini mja mzito ambaye hakuyaugua utotoni, na kichanga, na mtu aliyedhoofika kinga ya mwili, huweza kupatwa na madhara makubwa. Kwa hiyo kwenye daladala, chuoni, arusini na kwenye foleni ya kliniki ya wajawazito, mtoto huyo asifike kabisa.

Lakini kumwepusha na mkusanyiko si kumnyima jua. Mtazame mtoto wa miaka 3 ambaye homa yake imeshuka na kilichobaki ni mwasho: amekatwa kucha, amepakwa kalamini usoni hata akawa kama ukuta uliotiwa chokaa, amevishwa kanzu ya mikono mirefu asijikune, naye amesimama nyuma ya pazia akiwataja wenzake mmoja mmoja kwa kuzitambua sauti zao ukumbini. Mama aliyekesha naye usiku kucha hana budi kutoka, la sivyo ataugua yeye. Na wakati wa kutoka upo: baada ya sala ya alfajiri, ukumbi ukiwa mtupu, ambebe mpaka kwenye uwanja wa wazi, amwache akimbie, warejee kabla wanafunzi hawajajaa njiani.

Surua ina hukumu nyingine, kwa kuwa vijidudu vyake huweza kubaki katika hewa ya chumba hata saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka. Vipele vikifuatana na homa kali, kikohozi na macho mekundu, mtu atangulie zahanati kutoa habari ndipo mtoto apelekwe. Tena, mwenye tetekuwanga asipewe aspirini kamwe.

Tumesoma tangu utotoni kwamba Mtume alikataza kuingia katika nchi yenye tauni, na waliomo kuitoka. Nami naamini katazo hilo lilikuwa kinga kwa umma, wala halikukusudiwa kumtesa mgonjwa.

Basi nawasihi wapangaji wenzangu: mama na atangaze maradhi ya mwanawe siku ileile, mja mzito wa nyumba aarifiwe mapema, mmoja wetu amwendee sokoni, na sote tukubaliane saa maalumu, asubuhi na jioni, ambazo uani patakuwa pa mama huyo na mwanawe peke yao.