Kava la albamu laweza kula mtaji wa mfadhili

WAFANYABIASHARA wadogo wanaofadhili albamu za muziki huhesabu kwa makini saa za studio na malipo ya wapigaji, lakini kava huachiwa fedha zilizobaki. Kwa anayeandaa kazi yake Mwenge, kwenye makutano ya barabara za Bagamoyo na Sam Nujoma, huu ndio upande ambao mtaji hukwama bila kelele.

Katika miaka ya 1990 mzigo huu haukuwa wa msanii peke yake. Kwa kawaida alipeleka masta kwa msambazaji wa Kariakoo, naye ndiye aliyezalisha kanda na kuchapa makava. Uso wa kava la kanda ulikuwa na upana wa sentimita 6.5 hivi na urefu wa 10, kwa hiyo sura ya mwimbaji na jina kwa herufi nene vilitosha. Leo mwenye albamu binafsi ndiye msambazaji, na hasara ni yake.

Hesabu yenyewe ni hii. Uchapaji wa ofseti wa rangi nne huhitaji pleti nne, na gharama ya kuziandaa ni ileile uchape nakala 500 au 2,000. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba maandalizi ni Sh 200,000, na karatasi na wino ni Sh 100 kwa kila kava. Nakala 500 zitagharimu Sh 500 kila moja; nakala 2,000 zitashuka hadi Sh 200. Hapo ndipo wengi hunaswa. Ukichapa 2,000 kwa Sh 400,000 ukauza CD 500 tu, kila CD iliyouzwa imebeba Sh 800 za kava, na makava 1,500 yamelala chini ya kitanda. Uchapaji wa dijitali hauna pleti. Bei yake kwa nakala haishuki sana, lakini unaweza kuchapa 200 za kuanzia kwa ajili ya tamasha au ibada, ukarudi soko likiitikia.

Siku hizi wanunuzi wengi hukutana na kava kwenye simu kabla ya kuiona CD, kama wataiona kabisa. Majukwaa ya kusikiliza muziki huhitaji picha ya mraba, na kipimo salama ni pikseli 3,000 kwa 3,000. Kipimo hicho kinatosha pia kwa kava la CD la sentimita 12 kwa 12. Picha iliyopitia WhatsApp huwa imebanwa na haifai; mtake mpiga picha akupe faili halisi. Tena rangi za kioo cha simu hufifia zikiwa wino, hasa buluu na kijani kikali. Dai sampuli ya karatasi kabla ya kuruhusu mashine iendelee.

Jambo moja huwashangaza wafadhili wa kwaya, ambao wamezoea kuweka namba ya simu kwenye kava ili mialiko ije. Majukwaa kama Apple Music hukataa kava lenye namba za simu, bei au anwani ya tovuti. Basi agiza matoleo mawili tangu mwanzo: safi kwa majukwaa, na lenye namba nyuma kwa CD.

Kuhusu haki, picha na michoro inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Picha iliyookotwa kwenye mtandao si mali yako kwa kuwa umeipakua. Andikeni makubaliano, hata ya ukurasa mmoja, yakitaja kwamba picha itatumika kwenye CD, majukwaa, mabango na fulana.

Malipo ya mwisho kwa msanifu yasitoke kabla hajakukabidhi faili za kazi zinazoweza kurekebishwa. Mwenye picha iliyokamilika tu atalazimika kulipia usanifu upya siku namba ya simu itakapobadilika.