Sauti za Kawaida za Pumzi na Maelezo Yake kwa Kiswahili

Katika Chuo Kikuu cha Kisangani utabibu hufundishwa kwa Kifaransa, ilhali wagonjwa wengi mjini huzungumza Kiswahili au Kilingala. Yafaa, basi, sauti za pumzi zielezeke kwa Kiswahili pia.

Tangu Laennec alipobuni stetoskopu mjini Paris mwaka 1816, matabibu wamejifunza kupambanua sauti kuu mbili za kawaida. Ya kwanza husikika juu ya sehemu kubwa ya mapafu. Ni nyororo, mfano wa upepo majanini. Pumzi inapovutwa husikika kwa muda mrefu kuliko inapotolewa, wala hapana kituo baina yake. Ya pili husikika mbele ya shingo, juu ya njia kuu ya hewa. Ni kubwa na kavu. Pumzi inayotolewa hudumu sawa na inayovutwa au kuizidi, na kituo kifupi huzitenganisha.

Jambo la kuzingatia ni mahali. Sauti ya shingoni ikisikika chini mgongoni, huenda sehemu hiyo ya pafu imejaa majimaji kwa nimonia. Asiyeizoea sauti nyororo hataitambua hatari hiyo.